Kufundisha Upekuzi wa Barua Pepe: Kengele ya Virusi na Kiambatisho Kilichoharibika

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wanachuo wanaojiandaa kufundisha katika shule za msingi, hasa wale watakaopangiwa vipindi vya TEHAMA. Shabaha yetu si kumfanya mwalimu awe fundi wa kompyuta. Shabaha yetu ni kumsaidia afundishe vizuri jambo moja ambalo, kwa uzoefu wetu, hufundishwa vibaya mara nyingi: tofauti iliyopo kati ya dalili ya hatari na hatari yenyewe. Tumechagua kulieleza jambo hilo kwa njia ya upekuzi wa barua pepe, yaani kazi inayofanywa na programu ya kukinga virusi inapochunguza barua na viambatisho vyake kabla msomaji hajavifungua.

1. Mambo yaliyotufanya tuandike

Miaka michache iliyopita chuo chetu kilihamisha barua pepe zake za zamani kutoka kompyuta iliyochakaa hadi kompyuta mpya. Barua hizo zilianzia mwaka 2004. Miongoni mwake zilikuwamo barua za walimu wakuu wa shule tunakowapeleka wanachuo kwa mazoezi ya kufundisha, pamoja na ripoti za mazoezi ya vikundi vilivyokwisha kuhitimu. Mara kompyuta mpya ilipoanza kupekua mafaili, programu ya kukinga virusi ilitoa tangazo jekundu kwamba kimeonekana kirusi cha jamii ya Netsky. Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi wakufunzi tuliokuwapo tulishtuka, tukabonyeza kitufe cha kuondoa bila kusoma maelezo yaliyofuata.

Hatukujua kwamba programu yetu ya barua ilikuwa ikihifadhi barua zote za sanduku moja ndani ya faili moja. Tulipoagiza kirusi kiondolewe, faili zima liliondolewa, na barua za miaka mingi zikatoweka machoni petu. Tulikaa siku tatu tukiamini kwamba ripoti zile zimepotea. Siku ya nne fundi alitueleza kwamba faili halikufutwa bali limewekwa karantini, akalirudisha. Alipoichunguza barua iliyoleta tangazo, alikuta kwamba ni barua iliyorudishwa na seva fulani mwaka 2004 kwa sababu anwani haikupatikana. Ndani yake kilikuwamo kipande tu cha kiambatisho. Kipande hicho hakikuweza kutenda lolote.

Tulifurahi, na katika furaha hiyo tukafanya kosa la pili. Tuliwasimulia wanachuo kisa hicho, tukawaambia kwamba kengele ya programu mara nyingine ni kelele tupu. Hatukueleza zaidi. Muhula uliofuata mwanachuo mmoja, akiwa katika mazoezi ya kufundisha, alipata barua yenye kiambatisho kilichodaiwa kuwa marekebisho ya ratiba. Programu ilitoa onyo. Yeye alikumbuka simulizi letu, akadhani kwamba haya nayo ni mabaki, akaruhusu faili lifunguke. Kiambatisho hicho kilikuwa kizima. Kirusi kilichokuwamo kiliyafunga mafaili ya kompyuta ile kwa fumbo, yakiwamo majedwali ya alama za mtihani wa majaribio wa Darasa la Saba. Walimu wa shule ile walilazimika kuzikusanya upya karatasi za majibu kutoka kwa wanafunzi, na wengine walikuwa wamekwisha kuzipoteza.

Mwanachuo yule hakuwa mzembe. Alitumia yale tuliyomfundisha, na tuliyomfundisha yalikuwa nusu ya ukweli. Basi makala haya ni jitihada yetu ya kuifundisha nusu iliyobaki.

2. Maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo

Mwalimu hawezi kurahisisha jambo asilolielewa. Kabla hatujaingia katika njia za kufundishia, yatupasa tuelewane juu ya mambo matatu.

Jambo la kwanza ni kwamba kirusi cha kompyuta ni programu, na programu ni orodha ya maagizo. Hakina uhai. Hakirukii kutoka karatasi moja hadi nyingine kama chawa. Kinapokuwa ndani ya kiambatisho kimelala, na mara nyingi hakifanyi neno mpaka mtu akifungue na maagizo yake yaanze kutekelezwa. Tunasema mara nyingi, wala si daima, kwa kuwa vimepata kuwapo virusi, kama vile Klez na Nimda vya mwaka 2001, vilivyotumia dosari za programu za barua ili vijifungue vyenyewe pale barua iliposomwa.

Jambo la pili ni namna kiambatisho kinavyosafiri. Mfumo wa barua pepe uliundwa kwa ajili ya maandishi matupu. Picha, programu au waraka wowote ukitaka kusafiri humo, hapana budi kwanza ugeuzwe kuwa herufi. Njia itumikayo sana huchukua kila baiti 3 na kuziandika kwa herufi 4, katika mistari isiyozidi herufi 76. Ndiyo maana faili la kilobaiti 30 hufikia takribani kilobaiti 40 likiwa safarini. Barua ikifika, programu ya mpokeaji huzigeuza herufi zile kuwa baiti tena. Kwa hiyo kila kiambatisho hufumwa na kufumuliwa, na uzi mmoja ukikatika njiani kilichofumuliwa hakitalingana na kilichofumwa.

Jambo la tatu ni kazi ya mpekuzi. Programu ya kukinga virusi iliyowekwa katika seva ya barua huitenga barua katika sehemu zake, huzigeuza herufi za kiambatisho kuwa baiti, hufungua mafurushi yaliyobanwa, kisha hulinganisha kilichomo na orodha ya alama za utambulisho wa virusi vinavyojulikana. Alama hiyo ni mfuatano wa baiti uliopatikana ndani ya kirusi na ambao hautarajiwi kuonekana katika faili la kawaida. Programu za leo zina mbinu nyingine pia, kama kupima mwenendo wa faili, lakini msingi wa ulinganishaji ungalipo. Mwisho mpekuzi hutoa uamuzi: kuipitisha barua, kuiondoa, kuiweka karantini, au kuondoa kiambatisho na kuacha taarifa mahali pake.

Historia kidogo itamfaa mwalimu. Mnamo tarehe 26 Machi 1999 kirusi kiitwacho Melissa kilianza kuenea ndani ya waraka wa Word, kikijituma kwa anwani 50 za kwanza katika daftari la anwani la aliyeufungua. Mnamo Mei 2000 kikafuata kile kilichotokea Ufilipino kwa jina la barua ya mapenzi. Faili lake lilimalizikia kwa vifupisho viwili, cha kwanza kikilifanya lionekane maandishi ya kawaida na cha pili, ambacho kompyuta nyingi zilikificha, kikilifanya kuwa programu. Mwaka 2004 ukawa mwaka wa Mydoom, Netsky na Bagle. Kimojawapo cha virusi vya jamii ya Bagle kilijifungia katika furushi lenye neno la siri, na neno hilo likaandikwa ndani ya barua yenyewe. Mpokeaji aliweza kulifungua furushi, lakini mpekuzi hakuweza kuona kilichomo. Tangu hapo ilikuwa dhahiri kwamba ukimya wa mpekuzi si cheti cha usalama.

3. Kwa nini kiambatisho huharibika

Wanachuo wengi huuliza: ikiwa kirusi kimetungwa kwa hila, imekuwaje kifike kikiwa kibovu? Sababu ni kadha wa kadha.

(a) Mawasiliano yanaweza kukatika barua ikiwa njiani, mwisho wake ukapotea.
(b) Seva inayorudisha barua iliyokosa anwani mara nyingi huambatisha sehemu ya mwanzo tu ya barua ile, pamoja na kipande cha kiambatisho. Barua yetu ya mwaka 2004 ilikuwa ya namna hii.
(c) Seva au programu iliyo njiani huweza kubadilisha mistari, kuongeza maneno chini ya barua au kuondoa herufi isizozitambua, na hivyo kuvuruga herufi za kiambatisho.
(d) Kirusi chenyewe huweza kuwa na dosari. Watunzi wa virusi si mafundi hodari wote, na baadhi ya virusi vimepata kutuma nakala ambazo hazikufumwa sawasawa.
(e) Mpekuzi mwingine aliyetangulia huweza kuwa amekwisha kukiondoa kiini na kuacha faili tupu lenye jina lile lile.

Kwa sababu mabaki ya aina hii ni mengi, watengenezaji wa programu za kukinga virusi wamelazimika kuyapa majina. Kampuni ya Microsoft, kwa mfano, huweka mwishoni mwa jina la kirusi kiambishi .dam, kifupisho cha neno la Kiingereza lenye maana ya kilichoharibika. Mwalimu akikiona kiambishi hicho katika tangazo, ajue kwamba programu yenyewe imekwisha kusema kwamba nakala hii si nzima.

Hapa mwanachuo huuliza tena: kwa nini basi mpekuzi apige kengele juu ya kitu kilichokufa? Jibu ni kwamba mpekuzi hutafuta alama. Hapewi kazi ya kukiendesha kiambatisho ili aone kama kitauma. Alama ikiwapo, hupiga kengele. Tena ni afadhali akosee kwa upande wa tahadhari. Zaidi ya hayo, mabaki yana habari muhimu: palipo na kipande cha kirusi, ilikuwapo nakala nzima mahali fulani iliyokituma.

4. Hali nne

Kosa letu la awali lilikuwa kuwafundisha wanachuo hali mbili tu: kengele ikilia pana hatari, na kengele ikikosea hapana hatari. Kwa kweli hali ni nne. Kengele huweza kulia juu ya kitu chenye madhara. Huweza kulia juu ya kitu kisicho na madhara. Huweza kunyamaza juu ya kitu kisicho na madhara. Huweza pia kunyamaza juu ya kitu chenye madhara. Hali hii ya nne ndiyo iliyo mbaya kuliko zote.

Aidha, neno kuharibika lisichukuliwe kuwa sawa na neno kutodhuru. Faili la programu ya Windows likikatwa katikati, kwa kawaida kompyuta hulikataa na kusema kwamba si programu halali. Lakini yako mafaili ya maagizo yanayotekelezwa mstari kwa mstari. Faili kama hilo likikatwa, mistari iliyosalia huweza kutekelezwa yote. Katika miaka ya 1990 virusi vya makro vilivyoishi ndani ya nyaraka za Word vilitoa mfano mwingine: baadhi ya nakala zilizoharibika wakati wa kunakiliwa ziliendelea kuzaana, zikawa aina mpya ambazo wapekuzi iliwabidi wazijifunze upya.

5. Somo lenyewe

Yafuatayo ni andalio la somo tulilolijaribu na wanachuo wetu katika shule ya mazoezi. Halihitaji kompyuta hata moja. Tumeliandaa hivyo kwa makusudi, kwa kuwa shule nyingi watakakokwenda wanachuo zina kompyuta chache au hazina kabisa.

Darasa: la Sita. Idadi ya wanafunzi: 45. Muda: dakika 40.
Shabaha: Mwishoni mwa kipindi mwanafunzi aweze (i) kueleza kwamba kirusi ni maagizo, (ii) kutofautisha kengele na hatari kwa mifano minne, (iii) kutaja hatua za kuchukua aonapo onyo.
Vifaa: kanda nne za karatasi, ubao, filimbi moja, jedwali la herufi.

Utangulizi (dakika 5). Mwalimu aandike ubaoni jedwali la herufi 26 na namba zake, kuanzia A ambayo ni 01 hadi Z ambayo ni 26. Wanafunzi wajaribu kuandika majina yao kwa namba. Aeleze kwamba barua itakayosafiri leo darasani itakwenda kwa namba tupu.

Maarifa mapya (dakika 15). Mwalimu achague wanafunzi watatu. Wa kwanza ni mkalimani, ambaye huzigeuza namba kuwa herufi ubaoni. Wa pili ni mpekuzi mwenye filimbi, ambaye amepewa alama moja tu ya kuitafuta: MEZAMARA. Wa tatu ni mtendaji, ambaye hufanya kile kilichoandikwa. Mtendaji ana kanuni mbili. Asikisie neno lolote, na neno la kwanza lisipofahamika aikatae amri yote. Kwa ajili ya zoezi, filimbi haimzuii mtendaji, kwa kuwa tunataka kuona kitakachotokea.

Ukanda wa kwanza ni mzima:
16 09 07 01 13 05 26 01 13 01 18 01 20 01 20 21
Mkalimani apata PIGA MEZA MARA TATU. Mpekuzi apiga filimbi. Mtendaji apiga meza mara tatu. Kengele imelia na jambo limetendeka.

Ukanda wa pili umeharibika kichwani. Namba ya kwanza, 16, imegeuka kuwa 61, ambayo haimo katika jedwali. Mkalimani apata alama ya kuuliza, kisha IGA MEZA MARA TATU. Mpekuzi aiona alama yake na kupiga filimbi. Mtendaji halifahamu neno la kwanza, akaa kimya. Kengele imelia na hapana kilichotendeka. Haya ndiyo mabaki yaliyotutisha sisi chuoni.

Ukanda wa tatu umepoteza tarakimu moja tu, ile ya mwanzo kabisa. Namba zikipangwa mbili mbili zinakuwa:
60 90 70 11 30 52 60 11 30 11 80 12 00 12 02 1
Mkalimani aambulia herufi chache zisizo na maana, na tarakimu moja yabaki bila mwenzake. Mpekuzi anyamaza, mtendaji naye anyamaza. Hapa wanafunzi waone kwamba kubadilika kwa namba moja huharibu herufi moja, lakini kupotea kwa tarakimu moja huvuruga yote yanayofuata.

Ukanda wa nne umekatwa katikati:
16 09 07 01 13 05 26 01
Mkalimani apata PIGA MEZA. Mpekuzi aliagizwa kutafuta MEZAMARA, naye haioni, kwa hiyo anyamaza. Mtendaji aanza kupiga meza, na kwa kuwa idadi imekatwa hajui aache lini. Mwalimu amwache apige kwa muda, darasa lisikilize.

Tuliposimamia somo hili kwa mara ya kwanza, mwanafunzi mmoja wa nyuma alisimama bila kuitwa, akauliza: "Mwalimu, mbona mwenye filimbi amenyamaza na meza inapigwa?" Swali hilo ndilo kiini cha somo. Mwalimu asilijibu mara moja. Alirudishe darasani na kusubiri.

Kukazia maarifa (dakika 12). Mwalimu achore ubaoni jedwali la safu mbili na mistari miwili: filimbi imelia au haikulia, meza imepigwa au haikupigwa. Vikundi vya wanafunzi watano watano viweke kila ukanda mahali pake. Kisha kila kikundi kijibu: je, kwa kusikia filimbi tu, ungejua ni ukanda wa kwanza au wa pili? Jibu ni hapana. Na kwa kusikia ukimya tu, ungejua ni ukanda wa tatu au wa nne? Jibu ni hapana pia. Mwalimu asisitize hitimisho hili: asiyeweza kutofautisha kwa sikio, na asubiri mwenye uwezo wa kuchunguza.

Tathmini (dakika 8). Mwanafunzi aandike katika daftari hatua za kuchukua aonapo onyo la kirusi. Hatua tunazozitarajia ni hizi:

(1) Asibonyeze chochote kwa haraka, iwe ni kufungua au kufuta.
(2) Asome na kunakili jina la faili na jina la kirusi kama lilivyoandikwa.
(3) Amwite mwalimu.
(4) Mwalimu akiweka karantini, kwanza ahakikishe ni faili gani litakaloondolewa, na kama lina vitu vingine ndani yake.
(5) Mtumaji aulizwe kwa njia nyingine, kama simu, wala asilaumiwe kwa haraka. Virusi kama Klez na Netsky viliandika majina ya watu wasiohusika mahali pa mtumaji.

6. Tahadhari kwa mwanachuo

Katika kuwasimamia wanachuo wakifundisha somo hili, tumeona makosa matatu yanayorudiwa.

Kosa la kwanza ni la lugha. Mwanachuo husema kwamba kompyuta inaumwa, au kwamba kirusi kinataka kula mafaili. Mfano wa ugonjwa ndio uliovipa virusi hivi jina, lakini mwanafunzi wa miaka 12 huuchukua mfano kama ulivyo. Tulimkuta mwanafunzi mmoja aliyekataa kugusa kibodi baada ya mwenzake kuona onyo, akihofia kuambukizwa. Afadhali mwalimu aseme maagizo, amri, na kutekeleza.

Kosa la pili ni kuishia ukanda wa pili. Darasa hucheka kengele inapolia bure, na mwanachuo akiona furaha hiyo hushawishika kufunga somo. Huko ndiko kulikotupoteza sisi. Afadhali wakati ukiwa haba aache ukanda wa tatu kuliko ule wa nne.

Kosa la tatu ni kutafuta kirusi cha kweli, hata kilichoharibika, ili kiwe kifaa cha kufundishia. Jambo hili halikubaliki kamwe. Mwalimu hana njia ya kuhakikisha kwamba kilichoharibika hakidhuru. Tumekwisha kuona kwamba hata programu haina hakika. Kwa chuo chenye kompyuta na fundi, lipo faili la majaribio la EICAR, ambalo watengenezaji wa programu za kukinga virusi walikubaliana kulitambua kana kwamba ni kirusi. Ni mfuatano wa herufi 68 tu, halina madhara, na kazi yake ni kupima kama mpekuzi yu macho. Herufi moja ikibadilishwa, programu nyingi hunyamaza. Mkufunzi mwenye idhini anaweza kulitumia kuwaonyesha wanachuo kwamba mpekuzi huitambua alama wala hatambui nia. Hata hivyo lisipelekwe katika kompyuta ya shule bila ruhusa ya mwenye dhamana, kwa maana kengele isiyotarajiwa huleta hofu ile ile tuliyoieleza.

7. Hitimisho

Mwalimu ana kishawishi cha kumpa mwanafunzi kanuni fupi inayokaririka. Sisi tuliwapa wanachuo kanuni fupi, nao wakaikariri, na mmoja wao akaitumia mahali pasipoifaa. Wanafunzi wa Darasa la Saba waliofanya mtihani ule walifanya mwingine juma lililofuata, na matokeo yao hayakulingana na ya kwanza. Baadhi walipanda, baadhi walishuka. Hatutajua yapi yalikuwa ya haki zaidi.

Tangu mwaka huo kila kikundi cha wanachuo tunachokipeleka katika mazoezi ya kufundisha hufanya kwanza zoezi la kanda nne, wao wenyewe wakiwa mkalimani, mpekuzi na mtendaji. Barua ya mwaka 2004 tumeihifadhi katika orodha ya fundi, ikiwa karantini. Wakituuliza kama inadhuru, tunawajibu kwamba aliyeichunguza alisema haidhuru, kisha tunawauliza wao wangelijuaje.

Maswali ya kujadiliwa

1. Kirusi kimetambuliwa katika barua moja ndani ya sanduku lenye barua 3,000 lililohifadhiwa katika faili moja. Eleza hatua utakazochukua kabla ya kubonyeza kitufe chochote.
2. Mwanafunzi anasema: "Programu haikutoa onyo, basi faili ni salama." Andaa maswali matatu yatakayomwezesha kuligundua kosa lake mwenyewe.
3. Tunga amri nyingine fupi itakayotumika badala ya PIGA MEZA MARA TATU. Hakikisha kwamba ikikatwa katikati bado inatekelezeka, kisha uiandike kwa namba na uandae kanda zake nne.
4. Je, yafaa mwalimu akiri mbele ya wanafunzi kwamba alipata kuwafundisha jambo pungufu? Jadili faida na hasara zake.